Lehemu 2.9, na sasa nimekutwa na VVU. Karatasi ya mafuta ilishaniambia mapema?

Randa Kavu
Jumatatu, saa 4:12 usiku

Wakuu, habari za usiku. Jukwaa hili la afya nalisoma miaka mingi, kuchangia sijawahi. Leo nimefungua akaunti kwa jambo moja tu. Wale wa "njoo pembeni nikupe dawa ya mizizi" naomba mpite mbali, kichwa changu hakina nafasi.

Mimi ni fundi seremala, niko Tanga, Ngamiani, umri 43. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana ilikuja kambi ya kupima bure: presha, sukari na mafuta ya kwenye damu. Mke wangu ndiye aliyenisukuma, maana marehemu baba aliondoka kwa kiharusi. Nikapima. Karatasi ninayo hapa, ina doa la gundi ya mbao lakini namba zinasomeka (lehemu ndiyo kolesteroli; HDL huitwa lehemu nzuri, LDL lehemu mbaya; trigliseridi ni mafuta ya aina nyingine):

Lehemu yote 2.9
HDL 0.6
LDL 1.3
Trigliseridi 2.3

Kijana aliyenisomea majibu alinipa mkono kabisa. "Mzee hongera, mishipa yako kama ya mtoto wa shule." Hiyo HDL na trigliseridi hakuzigusa, macho yake yaliishia kwenye 2.9. Nikarudi karakana, nikawaringia wenzangu wiki nzima. Jioni ile nilikula mishikaki ya elfu tano peke yangu, kujipongeza.

Januari nikatoka mkanda wa jeshi, ubavu wa kushoto, kuanzia uti wa mgongo mpaka chini ya titi. Shati sikuvaa wiki mbili. Vumbi la msasa likitua pale ni kama umepakwa pilipili. Muuguzi aliyeniona akasema tusipime kimoja, tupime vyote. Ndiyo hivyo, VVU ninavyo. Mke kapimwa, yeye hana, kaambiwa arudi apimwe tena.

Walitaka nianze dawa siku ile ile. Mimi nikagoma. Nikawaambia niacheni kwanza nijue CD4 yangu, ile hesabu ya chembe za kinga, iko wapi, siwezi kuanza safari ya maisha bila kujua naanzia kituo gani. Wakanitoa damu, kisha wakasema mashine mbovu, sampuli itapelekwa kwingine, nisubiri simu. Leo ni siku ya kumi na tisa. Simu hakuna.

Usingizi ukikata ndiyo nasoma mtandaoni. Nimekuta watu wameandika kwamba kwa mgonjwa ambaye hajaanza dawa, mafuta ya damu yanakwenda sambamba na kinga: kinga ikishuka, HDL nayo inashuka. Nikaitoa ile karatasi ya kambi kwenye droo. Wataalamu, hili ni kweli? Na kama ni kweli, kwa namba hizi mtu hawezi kunikadiria CD4 wakati nasubiri? Na nikiipandisha hii lehemu kwa chakula, kinga nayo itapanda?

---

Mzee wa Kongoro
Jumatatu, saa 4:40 usiku

Ndugu, umejijibu mwenyewe hapo mwisho. Mafuta yameisha mwilini. Piga supu ya kongoro kila asubuhi, mayai ya kienyeji manne, parachichi. Mwezi mmoja tu, urudi kupima. Shemeji yangu alikuwa kitandani, leo anapanda baiskeli.

---

Chupa Nyekundu
Jumanne, saa 12:55 asubuhi

Kaka Randa Kavu, pole na mkanda wa jeshi, ule ugonjwa hauna adabu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, mwaka wa kumi na nne sasa, dada wa makamo. Damu za CTC, yaani kliniki ya VVU, na damu za kliniki ya moyo zote zinapita kwenye meza moja, mezani kwangu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako si la kijinga hata kidogo. Ila jibu la kivitendo ni fupi, nalitanguliza: kama huna kikohozi, homa wala kichwa kinachouma mfululizo, rudi CTC leo ukaanze dawa. Ukiwa na kimojawapo, rudi leo vilevile, ila kitaje kabla hujapewa kopo la dawa.

Sasa kirefu. Ulichosoma ni kweli, na kimejulikana zamani. Huko San Francisco, Grunfeld na wenzake walikuwa wanapima mafuta ya wagonjwa wa UKIMWI tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla dawa za maana hazijawepo. Waliona mambo mawili yasiyokuja pamoja. Kwanza lehemu inashuka, HDL na LDL zote, tena mapema, mtu bado anatembea na shughuli zake. Baadaye, ugonjwa ukikomaa, trigliseridi zinapanda. Na kupanda kwake kulifuatana na interferoni alfa, moja ya kemikali ambazo mwili humwaga ukipigana na virusi.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu ya bahati waliyokuwa nayo. Marekani, tangu 1984, kulikuwa na wanaume waliokubali kutoa damu mara kwa mara na kuhifadhiwa. Wengine waliambukizwa katikati ya safari. Kwa hiyo watafiti walikuwa na damu ya mtu yule yule kabla ya virusi, baada ya virusi, na baada ya dawa. Waliwachukua hamsini wakalinganisha, matokeo yakatoka 2003. Baada ya kuambukizwa na kabla ya dawa, lehemu yote ilishuka kwa wastani wa kama 0.8, LDL kama 0.6, HDL kama 0.3. Hiyo 0.3 usiidharau. HDL ya mwanaume mzima tunataka ivuke 1.0, kwa hiyo 0.3 ni sehemu kubwa.

Kwa nini inakuwa hivyo? Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ini huyafunga kwenye vifurushi vya protini ndipo yasafiri. Chembe za kinga zikiwa vitani hutumiana kemikali za tahadhari, na kemikali hizo haziishii kwao, zinafika hadi kwenye ini. Ini likizisikia linaanza kutengeneza trigliseridi kwa wingi, na wakati huohuo kimeng'enya cha kuziondoa kwenye damu kinalegea. Upande wa HDL, protini zake nzuri zinasukumwa nje na protini za uvimbe, kifurushi kinaharibika. Hapo virusi wenyewe hawajatia mkono.

Nao wanatia. VVU wana protini iitwayo Nef. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba Nef inaziba mlango ambao chembe walaji hutumia kutoa lehemu nje ili HDL iibebe. HDL inapita mlangoni inakuta pamefungwa, inaondoka tupu. Faida ya kirusi? Kirusi kipya kikitoka kwenye chembe kinajivika kipande cha utando wa chembe hiyo, na kinapenda kutokea palipojaa lehemu. Anajiwekea akiba ya nguo, kwa maneno mengine.

Kwa hiyo yule kijana wa kambi aliyekupa mkono alisoma mstari mmoja wa karatasi yenye mistari minne. Lehemu yote ndogo, HDL ndogo sana, trigliseridi juu: mimi nikiona hivyo kwa mtu asiyekosa chakula, sitoi hongera. Namuuliza kama amewahi kupima VVU, kama anakohoa, kama nguo zimeanza kumpwaya.

Lakini kukukadiria CD4, hapana. Sitakisia hata ukinibembeleza. Nieleze kwa nini.

Kwanza, malaria inafanya hivyo hivyo: lehemu chini, HDL chini, trigliseridi juu. TB nayo hushusha lehemu. Ini likichoka, tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi, mtu akikosa chakula, lehemu inashuka bila kirusi hata kimoja. Pili, trigliseridi zinataka mtu awe hajala. Siku ya kambi ulikunywa chai? Mara nyingi watu hufika kambini wameshiba, na hakuna anayewauliza. Tena hiyo LDL 1.3 karibu hakika haikupimwa. Imepigwa hesabu: lehemu yote, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Fanya mwenyewe, 2.9 toa 0.6 toa 1.05, unapata 1.25, wakaizungusha kuwa 1.3. Trigliseridi zikiwa zimepandishwa na andazi, LDL yako inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, watu wanaingiliana mno. Nimewahi kuwa na mama mmoja, lehemu 5.8, CD4 yake tisini na kitu. Wiki ileile kijana, lehemu 3.0, CD4 zaidi ya 600, anacheza mpira. Ukikusanya watu elfu ukachora, mstari unaonekana: palipo na kinga ndogo, HDL nayo ni ndogo. Dar es Salaam nako, kwenye utafiti uliochapishwa 2011 kwa watu ambao hawajaanza dawa, HDL ndogo ilikuwa ya wengi wao. Ukimtoa mtu mmoja kwenye ule umati, ule mstari haukuambii yeye yuko wapi.

Kitu cha mwisho, halafu niende zamu. Damu ya CD4 inatolewa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, haiwekwi kwenye friji, na kwa kawaida inatakiwa ipite kwenye mashine ndani ya siku mbili hivi. Siku kumi na tisa? Chembe zile zimeshakufa, kaka. Hakuna simu itakayokuja. Waambie wakutoe nyingine, na wala usisubiri majibu yake ili kuanza dawa.

Mzee wa Kongoro, supu ni tamu, sina ugomvi nayo. Lakini lehemu nyingi ya mwilini inatengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwemo, hailetwi na sahani. Yake haikushuka kwa kukosa kongoro. Ukimjaza mafuta, virusi wanaendelea na kazi yao huku ameshiba.

---

Kadi ya 2005
Jumanne, saa 7:20 mchana

Mwanangu Randa Kavu, mimi ni mama wa miaka 59, nina kadi ya CTC tangu 2005, naandika kwa simu ya mjukuu, makosa yavumilieni.

Umeniudhi na umenihurumisha kwa pamoja. Wewe umepewa dawa siku ya kwanza ukasema "niacheni kwanza". Mimi mwaka ule nilikwenda nikiwa na CD4 231. Dawa zilikuwa za walio chini ya 200. Nikaambiwa, mama, hongera, bado una kinga, nenda nyumbani urudi baada ya miezi sita. Hongera! Ndiyo maana nilipoisoma ile hongera yako ya kambini nikacheka peke yangu. Nilirudi na 94 na TB juu yake, nabebwa kwenye toroli la baiskeli.

Hayo ya mafuta ya damu sisi hatukuyajua. Tulipimwa uzito na CD4, basi. Tukaanzishiwa vidonge vya stavudini, ndiyo vilivyokuwepo, na Mungu awalipe walioleta maana nisingekuwepo. Ila mashavu yaliisha, matako yaliisha, kitambi kikatoka, miguu inawaka moto usiku mpaka unaiweka kwenye beseni. Tukitembea barabarani tulikuwa tunajuana kwa mashavu tu. Hilo sasa halipo, vidonge vile viliondolewa.

Wakubwa wakapandisha kutoka 200 kwenda 350, kisha 500, kisha wakasema hakuna cha namba, anayekutwa navyo aanze. Hiyo ni 2015 huko duniani, hapa kwetu 2016. Wenzetu wengi tuliowazika walikuwa wanasubiri namba. Wewe unaisubiri kwa hiari yako. Simama uende.

---

Mkilifi
Jumanne, saa 2:05 usiku

Dada wa maabara, shukran kwa maelezo. Mimi niko Kilifi, naenda kliniki tangu 2021. Kabla sijaanza dawa kolesteroli yangu ilikuwa 3.2. Mwaka huu nimepimwa ni 5.0. Daktari alisema si mbaya, lakini jirani yangu ambaye ana ujuzi wa kila kitu asema hizi dawa zaleta mafuta, zitanipasua moyo. Nimeacha nazi. Wali wa nazi, mchuzi wa nazi, kaimati, vyote. Mtu wa Kilifi bila nazi, yaani niko hai kwa jina tu. Sasa nafikiria dawa nazo nipunguze siku mbili tatu kwa wiki. Nakosea?

---

Chupa Nyekundu
Jumanne, saa 3:31 usiku

Unakosea, tena vibaya. Usipunguze hata siku moja.

Kaka Mkilifi, ile 3.2 ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Ulichoona kikipanda, sehemu yake kubwa huenda ni mwili kurudi ulikokuwa. Wale wanaume hamsini wa Marekani niliowataja, baada ya dawa lehemu na LDL zao zilipanda hadi karibu na pale zilipokuwa kabla ya maambukizi. Kilichogoma kurudi kikamilifu ni HDL. Kwa hiyo mwulize daktari wako namba ya HDL, si ile kubwa peke yake. Kama unatumia kidonge kimoja cha siku chenye dolutegraviri, hicho hakina tabia ya kupandisha mafuta sana. Zile za zamani zenye lopinaviri, naam, zilikuwa na kelele.

Na hilo la kupunguza siku, lilishajaribiwa kwa utaratibu mkubwa. Utafiti wa SMART, matokeo 2006, watu 5,472. Nusu waliendelea na dawa, nusu walisimamishwa kila CD4 ikiwa juu, wakarudishwa ikishuka. Wazo lilikuwa zuri: tuwapumzishe na madhara, na mafuta yakiwemo. Kweli, waliosimama lehemu yao ilishuka. LDL ilishuka. Na HDL ilishuka kuliko ilivyotakiwa. Lakini magonjwa ya moyo hayakupungua kwao, yaliongezeka, na vifo pia. Utafiti ukasitishwa kabla ya wakati. Mafuta yao kwenye karatasi yalikuwa "mazuri", wakati mishipa inachomwa na uvimbe wa virusi vilivyoamka.

Kama una miaka zaidi ya 40, zungumza na daktari kuhusu dawa za kushusha lehemu. Mwaka 2023 zilionyesha kuwasaidia hata watu wenye VVU ambao hatari yao ya moyo haikuwa kubwa. Presha pima. Sigara kama unavuta, hapo ndipo pa kumsikiliza jirani. Nazi kula kwa kiasi, usijifie.

---

Randa Kavu
Jumatano, saa 3:48 usiku

Mama wa kadi, shikamoo. Maneno yako nimeyasoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nje ya geti la CTC.

Nimekwenda leo. Dada wa maabara, ni kama ulivyosema, sampuli yangu hakuna aliyejua ilipo. Wamenitoa nyingine, kifuniko cha zambarau, nimekiangalia kwa macho yangu. Kuna mashine ndogo imekuja, wanasema wiki hii hii. Daktari kaniuliza kikohozi, homa, kichwa, jasho la usiku. Sina. Uzito nimepungua kilo saba kulinganisha na kadi yangu ya zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema ni kazi. Kumbe mkanda wa suruali nilishautoboa tundu jipya kwa msumari wa inchi mbili, tena mara ya pili, na sikujiuliza. Dawa nimepewa, makopo ya mwezi, leo usiku naanza.

Siku ya kambi nilikunywa chai ya maziwa na vitumbua vinne. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa jambo jingine. Mke katika kupangua makaratasi amekuta cha 2017, nilipokuwa naajiriwa na kampuni ya milango, walitupima wote. Lehemu 4.6, HDL 1.2, trigliseridi 1.1. Kwa hiyo nimetoka 4.6 kwenda 2.9. Hapo pia huwezi kusema kitu?

---

Chupa Nyekundu
Jumatano, saa 4:30 usiku

Hapo naweza kusema zaidi, na wewe kwa kazi yako utanielewa kuliko madaktari wengi.

Ukinyanyua ubao wa mninga mkononi, unajua kama umekauka? Unakisia. Lakini ukipewa mninga na msonobari, huwezi kusema ule mzito ndio mbichi, kwa sababu mninga kwa asili yake ni mzito kuliko msonobari. Uzito wenyewe haukwambii unyevu mpaka uujue ule ubao ulivyokuwa mwanzo. Sasa chukua ubao mmoja, upime leo, upime baada ya mwezi kivulini. Tofauti hiyo ni maji yaliyotoka.

Ile 2.9 peke yake ilikuwa ubao wa mtu nisiyemjua. Kuna Watanzania wengi wazima wanaokula ugali, dagaa na mboga, wana lehemu ya tatu maisha yao yote, hawana tatizo lolote. Lakini wewe ulikuwa 4.6, HDL 1.2, ukawa 2.9 na 0.6, kilo saba zimeondoka, na hujabadilisha chakula. Huo ni ubao mmoja uliopimwa mara mbili. HDL na lehemu yote haziyumbishwi sana na vitumbua, ni trigliseridi tu ndizo zinazoyumba. Kwa hiyo ndiyo, Novemba mwili wako ulikuwa vitani na karatasi ilikuwa inaonyesha. Haikusema ni VVU, ingeweza kuwa TB. Na bado haisemi CD4 ni mia ngapi.

Na hata CD4 yenyewe usiifanye msahafu. Asubuhi ni ndogo, jioni inapanda, mafua yakipita inayumba. Faida yake kwako sasa ni moja kubwa: ikiwa chini ya 200, unahesabiwa kuwa na ugonjwa uliokomaa, na kuna vipimo vya kuongeza. Damu ya kutafuta fangasi wa kriptokoko, wale wa uti wa mgongo na ubongo, na mkojo wa kutafuta TB. Fangasi hao wakishaingia kichwani, dawa za VVU husubirishwa kwanza wiki kadhaa hadi watibiwe, ndiyo maana nilisema kichwa kikiuma utaje. Ikitoka chini ya 200, ulizia vipimo hivyo kwa majina. Usisubiri wakukumbuke.

Kuhusu macho: ukija maabara siku moja nitakuonyesha. Nikishazungusha chupa ya kifuniko chekundu, damu iliyoganda inakaa chini, juu yanabaki maji ya rangi ya chai nyepesi, unaweza kusomea gazeti upande wa pili. Mwenye trigliseridi nyingi sana, maji hayo ni tui la kwanza kabisa, jeupe, gazeti halionekani. Ya kwako yenye 2.3 ingekuwa safi tu machoni. Mambo mengi ya maana kwenye damu hayaonekani kwa macho, inabidi kuuliza mashine, na mashine ndiyo hiyo inayoharibika kila Ijumaa.

---

Mzee wa Kongoro
Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Mimi nimekubali yaishe. Lakini shemeji yangu alipanda baiskeli.

---

Kadi ya 2005
Alhamisi, saa 2:02 asubuhi

Shemeji yako alikuwa anameza dawa kwa siri, baba. Muulize dada yako.

---

Randa Kavu
Jumamosi, saa 3:20 usiku

CD4 imetoka jana: 174.

Nilikaa kwenye benchi la nje dakika kama ishirini, kisha nikarudi ndani nikawatajia vile vipimo viwili. Muuguzi akaniuliza nimevijulia wapi. Nikamwambia kwa dada mmoja. Fangasi hamna. Mkojo wa TB hamna. Nimeongezewa Septrini, vidonge vya kukinga magonjwa nyemelezi.

Leo ni kidonge cha nne. Nameza saa tatu usiku, taarifa ya habari ikiisha, mke ndiye anayeshika glasi ya maji na anasimama mpaka nimeze kama vile mimi ni mtoto. Kwa ile stavudini mama aliyoisema, mashavu yangu nayaangalia kwenye kioo kila asubuhi, bado yapo.

Karatasi zote mbili, ya 2017 na ya kambi, nimezibandika pamoja ndani ya mlango wa kabati la zana. Dada, ya tatu niipime lini? Nataka kujua ubao unarudi vipi.

---

Chupa Nyekundu
Jumamosi, saa 3:58 usiku

Miezi sita pima wingi wa virusi kwanza, hicho ndicho kipimo chako kikubwa kuanzia sasa, mafuta ni ya pembeni. Lehemu ipime ukifikisha mwaka. Ikipanda kutoka 2.9 usikimbilie kuacha mishikaki, nitumie namba tuzisome pamoja, mistari yote minne.

Na asubuhi hiyo usile vitumbua.

---

Mkilifi
Jumamosi, saa 5:10 usiku

Nimeuliza. HDL yangu ni 1.1. Leo nimekula wali wa nazi, sahani moja.